Mchanga mweupe si mweupe wakati wa magharibi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naishi Tanga, na huu ni mwaka wangu wa pili wa kupiga picha. Mwezi uliopita nilivuka kwenda Unguja, nikapiga Kendwa jua lilipokwisha kuzama: ngalawa imelala juu ya mchanga, maji yamekupwa, anga lina wekundu chini na buluu juu. Kwa macho ilikuwa inatuliza moyo. Nilipoihariri, anga likawa chungwa kama soda, bahari ikabaki nyeusi, na nikijaribu kuiinua mwanga zinatoka chengachenga na anga linafanya mistari. Kwenye simu angalau inapendeza, lakini nilipoichapisha imetoka giza tupu. Nakosea wapi? Nimekutumia faili ghafi (RAW, lile la kamera kabla ya kuhaririwa) na ile niliyoihariri. Nilivuka kwa sababu kwetu hakuna machweo ya bahari."

Marahaba. Nimelifungua faili ghafi kwanza, kabla sijaangalia uliyoihariri, na nataka ulijue hili mapema: ulichopiga ni kizuri. Nusu sekunde, tundu la lenzi f/11, usikivu ISO 100, kamera juu ya miguu mitatu, na kwa muda ulioandikwa ndani ya faili, ulibonyeza dakika kumi na moja hivi baada ya jua kuzama. Ndio wakati wenyewe. Yote unayolalamikia yametokea nyumbani, mezani, na mengi yake yameanzia kwenye tendo moja.

Ulichukua ule mrija wa kuchota rangi, ukaugusisha kwenye mchanga ulio mbele ya ngalawa, ukaiambia programu kwamba hapa ni peupe. Nimejua kwa sababu namba ya kelvini, kipimo cha joto la rangi, kwenye picha yako imeruka hadi 10,400, na mtu akisogeza kwa mkono hafiki huko. Fikra yako haikuwa mbaya. Mchanga wa Kendwa ni mweupe, ni unga wa matumbawe, nani asiyejua? Lakini mchanga hauna mwanga wake. Jua likishazama, kinachoumulika ni anga lililo juu yake, na anga hilo kwa saa ile ni la buluu. Basi mchanga nao unakuwa wa buluu na kijivu, pengine na zambarau kwa mbali. Ukiilazimisha programu iufanye mweupe, itaizima buluu kwa kuongeza njano na wekundu, na haitaongeza kwenye mchanga peke yake, itaongeza kwenye picha nzima. Ule ukanda mwembamba wa upeo wa macho, ambao tayari ulikuwa na njano yake na wekundu wake, umebebeshwa mzigo mwingine juu. Soda yako imetokea hapo.

Kwa hiyo rudi mwanzo. Weka urari wa weupe kwenye alama ya jua la mchana, yaani kati ya 5,200 na 5,500, kisha tazama bila kugusa kitu kingine. Utaona picha imepoa sana, imejaa buluu, pengine imezidi ulivyokumbuka wewe. Si kosa la kamera. Macho yetu yanazoea mwanga wa pale tulipo na kuipunguza buluu kimyakimya, kamera haizoei. Sogeza kidogo kuelekea joto mpaka mchanga ufanane na ulivyouona kwa moyo, ila uendelee kuwa mchanga wa magharibi. Mimi picha yako nimeiacha kwenye 5,900. Mwingine angeacha 6,300 nisingemlaumu. Anayefika 8,000 ameifuta jioni. Na ile kazi ya kuiachia programu ichague yenyewe, kwa picha za saa hii usiifanye kabisa, kwa sababu imefundishwa kutafuta weupe, na hapa hakuna weupe wa kutafuta.

Nataka uielewe buluu hiyo ili siku nyingine usiiogope. Wengi hudhani ni buluu ileile ya mchana iliyopungua mwanga. Siyo. Mwaka 1953 Mmarekani mmoja, Edward Hulburt, alionyesha kwamba buluu ya utosini mwa anga baada ya jua kuzama inatokana zaidi na ozoni. Miale ya jua kwa saa hiyo inapita kwa mshazari, safari ndefu ndani ya tabaka la ozoni, na ozoni hunywa njano na chungwa njiani. Kinachobaki ni buluu ile nzito uliyoiona juu ya mlingoti. Huku chini, karibu na upeo, hewa nene imeitawanya buluu na kuuacha wekundu upite. Kwa hiyo rangi mbili ulizozikuta pale zinatoka kwa jua lilelile, na uzuri wa picha uko kwenye kupishana kwake. Ukipasha picha nzima joto umeua moja ili kuinenepesha nyingine, na zote mbili zinaharibika.

Watu wa pwani tunaijua saa hii kwa jina na kwa adhana. Magharibi huadhiniwa jua likizama, Isha huingia shafaki, ule wekundu wa jioni, ikitoweka. Picha zako zote za bahari ya jioni ziko kati ya adhana hizo mbili, na kwetu huku muda huo una haraka. Jua letu linashuka karibu wima. Kutoka kuzama hadi kufika nyuzi 6 chini ya upeo huchukua kama dakika 21 au 22 tu, wakati kule London mwezi wa Juni hatua hiyohiyo inapita dakika 45. Nalisema hili kwa ajili ya uhariri. Nimeona kwenye faili zako umechukua marekebisho ya picha moja ukayabandika kwenye sita zilizofuata. Anayepiga kaskazini ya mbali anaweza kufanya hivyo akasalimika. Kendwa, picha mbili zilizopishana dakika tano ni jioni mbili tofauti, na kila moja inahitaji namba zake.

Sasa mwanga, na hapa ndipo ulipo ugonjwa wa pili. Baada ya kupata chungwa ile, uliongeza ukolezo wa rangi hadi 40. Matokeo yake wekundu umeungua. Ulipotazama histogramu, ule mchoro wa kiasi cha mwanga, uliona iko salama, kwa sababu uliangalia ile ya mwanga wa jumla. Ifungue inayoonyesha nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake, utaona nyekundu imegonga ukuta wa kulia na kujikunja. Kwenye JPEG, lile faili la kawaida lililobanwa, ukuta huo ni 255, haipandi tena. Nyekundu ikishafika hapo, ukiendelea kuongeza mwanga, kijani kinaendelea kupanda bila yake. Nyekundu iliyoganda ukiiongezea kijani inakuwa njano. Ndiyo maana katikati ya anga lako pana bonge la njano bapa lisilo na mpito, kana kwamba mtu ameweka kiraka. Mawingu yalikuwepo pale! Kwenye faili ghafi nimeyaona, mistari mitatu mizuri kama nyuzi za mkeka. Kwenye uliyoihariri hayapo.

Dawa yake si kupunguza ukolezo wa picha nzima, maana utaichukua na buluu. Kwanza ukolezo urudi sifuri. Kisha shusha sehemu angavu, mimi nimefika karibu 50 chini ya sifuri. Kisha nenda kwenye marekebisho ya rangi moja moja, chagua chungwa, na badala ya kugusa ukolezo wake, shusha mng'ao wake. Rangi ya machweo inakolea inapokuwa na giza kidogo ndani yake. Huwezi kuwa na wekundu mzito ulio mwangavu sana, karatasi haina, skrini haina. Hili ndilo nililochelewa kulielewa kuliko yote katika kazi hii. Nilikuwa nikitafuta rangi kwa kitelezi cha rangi, kumbe rangi ilikuwa imejificha ndani ya mwanga niliouzidisha. Jaribu kushusha mwanga wa anga peke yake kwa robo tatu ya stopu, kipimo chetu cha mwanga, bila kugusa rangi yoyote, uone wekundu unavyorudi wenyewe.

Bahari nayo. Umelalamika ni nyeusi, ukaiinua stopu tatu. Stopu moja ni mwanga mara mbili, kwa hiyo tatu ni mara nane. Ulipozidisha mwanga kwa nane, chengachenga nazo umezizidisha kwa nane, na kwenye giza zilikuwa karibu nyingi sawa na picha yenyewe. Hakuna kitelezi cha kusafisha kitakachokuokoa hapo bila kuyafanya maji yaonekane kama plastiki.

Lakini hata chengachenga zisingekuwepo, bado ningekukataza, kwa sababu ya jinsi maji yanavyofanya kazi. Maji hayatoi mwanga, yanarudisha. Ukiyatazama kwa chini, pale miguuni mwako, yanarudisha sehemu ndogo mno, kama asilimia 2, na unachoona ni mchanga wa chini yake. Ukiyatazama kwa mbali, jicho likiwa karibu sambamba na uso wa maji, yanarudisha karibu kila kitu. Kwa hiyo bahari ya jioni kwa kawaida ina mpangilio wake: mbali inang'aa karibu na anga, na kadiri inavyokusogelea inaingia giza. Mtazamaji wako hajui asilimia hizo, lakini jicho lake limeona bahari tangu utotoni na linajua. Ulipoyainua maji yote kwa kipimo kimoja, maji ya mbele yamekuwa angavu kuliko anga yanaloliakisi, na mtu atakwambia "hii picha ina kitu" bila kuweza kusema ni kitu gani.

Nilichofanya mimi ni hiki. Maji ya mbali nimeyaacha kama yalivyo. Maji ya katikati nimeyainua kwa kichujio cha mteremko, kama 0.8 ya stopu pale penye nguvu na kuishia bila kitu karibu na upeo. Vidimbwi vilivyobaki kwenye mchanga nimeviinua nusu stopu kwa brashi laini, kwa sababu vinaakisi lile anga la zambarau na ni vito vya picha hii, sijui kama wewe mwenyewe uliviona. Mchanga wenyewe sikuuongeza. Ngalawa nimeiacha karibu nyeusi, pamebaki tu mstari wa omo na alama za shoka ubavuni kwa anayetaka kuzitafuta. Ngalawa mbele ya shafaki haihitaji kuonyesha mbao zake. Umbo lake linajulikana, na kwa Nungwi, jirani na Kendwa, wanakoziunda hadi leo, anayeitazama atakagua kama matengo, yale mabawa ya pembeni, yamekaa sawa kabla hajauliza mbao.

Jihadhari na kichujio hichohicho cha mteremko unaposhusha anga. Mlingoti wako unavuka upeo wa macho na kuingia angani, kwa hiyo ukishusha anga, nusu ya juu ya mlingoti inakuwa nyeusi zaidi ya nusu ya chini. Kwenye picha yako imeonekana, mlingoti una rangi mbili. Ondoa mlingoti ndani ya kichujio kwa brashi. Na pale bahari inapokutana na anga umetoa ukingo mweupe, kama uzi. Hiyo ni kazi ya kile kitelezi cha kuongeza ukali wa umbile, umekifikisha 60. Kirudishe chini ya 15, au kiache kabisa. Hewa ya pwani yetu ina unyevu na chumvi, na ulaini ule wa upeo ni wa kweli, usiukwangue.

Ile mistari ya ngazi angani ni jambo jingine, na ni rahisi. Ulianza kwenye faili ghafi, vizuri, kisha katikati ukahifadhi kama JPEG, ukaifungua tena kwenye programu nyingine na kuendelea. JPEG ina hatua 256 kwa kila rangi. Faili ghafi la kamera yako, la biti 14, lina 16,384. Anga la magharibi ni mpito mrefu unaobadilika polepole sana, kwa hiyo hatua 256 zinatosha kulionyesha likiwa limekwisha, hazitoshi kulivuta na kulinyoosha. Maliza kazi yote kwenye faili ghafi. Ukilazimika kuhamia programu nyingine, hamia na TIFF ya biti 16, aina ya faili inayobeba hatua nyingi za rangi. Mwishoni kabisa ongeza punje kidogo juu ya anga, punje laini, zinaivunja ile mistari isionekane. Na ukimtumia mtu kwa WhatsApp, itume kama faili, usiitume kama picha, la sivyo inabanwa na mistari inarudi hata kama wewe uliiondoa.

Safari ijayo, kabla hujafika kwenye kuhariri, punguza kazi ukiwa palepale ufukweni. Piga tatu bila kusogeza kamera: moja kwa ajili ya anga, wekundu ukiwa haujagonga ukuta, ya pili na mwanga stopu mbili zaidi, ya tatu stopu mbili tena. Nyumbani chukua anga la kwanza na mchanga wa pili, uunganishe kwa mkono kwa mteremko laini. Ya tatu mara nyingi utaitupa, lakini siku ya mawingu mazito utaishukuru. Usiiachie programu ziunganishwe zenyewe, inapenda kusawazisha kila kitu, na jioni iliyosawazishwa si jioni. Maji yakiwa yamekupwa hivi kazi ni nyepesi kwa sababu mbele hakuna kinachotembea. Maji yakijaa na mawimbi yakipiga, chukua bahari yote kutoka picha moja. Na futa lenzi, una tone la chumvi kulia juu.

Sasa niseme juu ya Tanga, maana nimeona mwishoni umeandika kwamba "kwetu hakuna machweo ya bahari". Kweli, pwani ya bara imeelekea mashariki, kuanzia Tanga, Dar es Salaam hadi Mombasa na Malindi. Jua linazama nyuma ya migongo yenu, upande wa nchi kavu. Lakini hebu simama ufukweni kwenu dakika kumi baada ya jua kuzama na uitazame bahari. Utaona ukanda wa buluu ya kijivu umelala juu ya maji, na juu yake ukanda wa waridi. Ule wa chini ni kivuli cha dunia yenyewe, kimeangukia angani, kinapanda kadiri jua linavyoshuka upande wa pili. Wa juu ni wekundu wa magharibi uliorudishwa na hewa. Jioni ya mwezi mpevu, mwezi nao unachomoza humohumo.

Uhariri wake ni kinyume cha ule wa Kendwa. Hapa hakuna kinachoungua, histogramu yote imekusanyika katikati, na kishawishi ni kuinyoosha huku na huku ili "iamke". Ukiongeza kontrasti nyingi, waridi inakuwa nyekundu ya bei rahisi na kivuli cha dunia kinageuka wingu la mvua. Ukitumia kitelezi cha kuondoa ukungu, vyote viwili vinakufa. Picha hizi mimi naziongezea kontrasti 10, mara chache 15, kisha naingia kwenye rangi ya waridi peke yake na kuuinua mng'ao wake badala ya kuushusha. Waridi inataka mwanga, chungwa inataka giza. Ni picha za sauti ya chini, na nyumba nyingi zingependa kuwa nazo ukutani kuliko lile chungwa ambalo kila mgeni anarudi nalo kutoka Unguja.

Limebaki la kuchapisha. Simu inang'aa, karatasi haing'ai. Hilo lilinigharimu mimi mwenyewe: picha ya upana wa zaidi ya mita moja, niliyoihariri usiku, taa zimezimwa, skrini imewashwa mpaka mwisho. Mteja alipoifungua, ngalawa hazikuonekana, na alikuwa na haki ya kuikataa. Skrini kali kwenye chumba cha giza inakudanganya kwamba picha ina mwanga wa kutosha, kwa hiyo unaiacha na giza. Washa taa ya chumba. Weka karatasi nyeupe tupu kando ya skrini, fungua ukurasa mweupe mtupu, shusha skrini mpaka weupe wake ulingane na wa karatasi. Utashangaa umeshuka kiasi gani. Zima pia ile hali ya simu au kompyuta inayogeuza skrini kuwa ya njano usiku, nimeona watu wakihariri shafaki nzima nayo imewashwa.

Kisha toa faili kwa sRGB, mpangilio wa kawaida wa rangi, kwa sababu ndiyo mashine nyingi za studio zetu zinaitegemea, na ukifika umwombe fundi azime marekebisho ya moja kwa moja. Mashine ikiona picha yenye giza nyingi inadhani imekosewa, inaiinua, na buluu yako inakuwa kijivu. Usianze na kubwa. Tengeneza nakala tatu za inchi 4 kwa 6: moja kama ulivyoihariri, ya pili imeinuliwa theluthi ya stopu, ya tatu theluthi mbili. Andika namba nyuma kwa penseli. Zitazame mchana kivulini, kisha usiku chini ya taa ya chumba itakapotundikwa, kwa sababu ni taa hiyo itakayoimulika miaka yote. Picha yako mimi naihisi itakaa kwenye ile ya pili. Ukishazitoa, nitumie picha ya zote tatu zikiwa zimepangwa pamoja juu ya karatasi nyeupe, tuangalie vidimbwi vile kama bado vina zambarau yake.